Jina Moja kwa Faili Kumi na Moja

Nianze na ukweli: mimi ni mtu wa hasira. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi katika shule za Arua, na wale niliowafundisha, ambao wengine sasa wana vipara, bado wakiniona sokoni wanaficha mikono nyuma. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kompyuta ilinitoa machozi, jueni haikuwa kazi ndogo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa msomaji wa matangazo redioni. Vifo, ng'ombe waliopotea, mikutano ya wazazi, mtu fulani wa Dadamu anaombwa arudi nyumbani haraka. Alisoma kwa Kilugbara, maana yeye ni Mlugbara wa Aroi, kisha akasoma kwa Kiswahili kwa ajili ya sisi wengine. Mimi ni Mkakwa wa Koboko. Yeye Kikakwa changu kilimshinda, na mimi Kilugbara chake nilikijua cha kugombana na mawifi tu, basi nyumba yetu tangu siku ya kwanza ilizungumza Kiswahili. Changu cha shuleni, chake cha kambini alikokulia, kwa kuwa baba yake alikuwa askari. Nimekisahihisha kile Kiswahili chake miaka thelathini na mbili na hakijanyooka hata kidogo.

Miaka mitatu iliyopita koo lake liliugua. Madaktari wa Kampala walisema njia ya kumwokoa ni moja tu, kukitoa kisanduku cha sauti. Akapona. Namshukuru Mungu kila asubuhi kwamba alipona. Ana shimo dogo shingoni analolifunika kwa kitambaa cheupe, anakula, anapalilia mihogo yake, anacheka bila mlio, na akiwa na la kusema analiandika kwenye daftari. Sauti ndiyo haipo. Watu wa mji waliowahi kusikia misiba yao ikitangazwa kwa sauti ile walinipa pole mimi njiani, kana kwamba ilikuwa yangu. Na kweli ilikuwa yangu.

Wiki ile ya mwisho kabla ya kwenda Kampala, kila alasiri alijifungia chumbani na kompyuta. Nilipomwuliza alisema anarekodi maneno ya baba, kwa ajili ya kitindamimba wetu, siku atakapochukuliwa. Kwa ukoo wao, wakwe wakija, wakishakula, wakishabishana mpaka jua limeelekea Kongo, mwisho kabisa baba wa binti husimama akamkabidhi mwanawe kwa maneno yake mwenyewe. Baba akiwa amefariki, sawa, baba mdogo atamsemea. Lakini baba yuko hai, amekaa pale ndani ya suti yake, halafu mtu mwingine anasimama kumsemea? Huko ni kumzika mtu huku anatazama.

Mwaka huu watu wa Koboko wakatuma wazee kumposa, tukakubaliana, siku ikapangwa. Hapo ndipo nilipoitoa kompyuta kabatini na kuiwasha. Ilitoa weusi mtupu. Hakuna picha, hakuna kitu cha kubofya, herufi nyeupe chache tu pembeni na kijistari kinachopepesa. Betri yake ilishakufa zamani, ilikuwa ikiishi kwa umeme wa ukutani, na umeme wa Arua mnaujua tabia zake. Siku moja ulikatika mashine ikiwa katikati ya shughuli, na tangu hapo haikuwahi kuamka vizuri.

Nikamwuliza mwenyewe, "Uliyaweka wapi yale maneno ya mtoto?"

Akaandika kwenye daftari: *Sikumbuki.*

"Hukumbuki! Mtu aliyekumbuka majina ya marehemu wa wilaya nzima!"

Akaandika chini yake: *Acha tu, mama.*

Nilimwambia kwamba yeye anaweza kuacha kama ameamua kuwa gogo, ila mimi mwanangu hatakabidhiwa na baba mdogo kama yatima wakati baba yake anapumua. Akafunga daftari. Nilidhani amekata tamaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote.

Fundi wa kwanza mjini aliitazama mashine dakika moja akasema, "Mama, hii tunafuta yote, tunaweka mpya." Nikamwambia akafute ya mama yake. Wa pili, mwenye kibanda chini ya Arua Hill, alikuwa na adabu kidogo. Alisema hajui mashine za aina hii, ila Koboko kuna mwanamke kutoka Sudan Kusini, yule anaelewa mambo ya weusi.

Nikafunga kompyuta kwenye kitenge, nikaenda Koboko, mji wangu wa kuzaliwa, kumtafuta mgeni anifundishe. Nilimkuta karibu na soko, katika chumba kidogo anachochajia watu simu na kuwapigia picha za pasipoti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole wa kuudhi. Huko kwao alikuwa akitunza kompyuta za ofisi moja kubwa mpaka vita vikamleta huku. Kiswahili alikiokota hapo hapo sokoni.

Aliifungua mashine, akatega sikio kwenye ubavu wake kama daktari, akatikisa kichwa. "Diski iko mgonjwa. Kila nikisoma kitu, ugonjwa naongezeka. Siwezi kuchukua vyote, itakata katikati. Lazima tujue kitu gani unataka, tunachukua hiyo kwanza."

"Basi kitafute."

"Mimi? Hapana." Akaisukuma mashine kwangu taratibu. "Sauti ya mume ya mutu, mimi naingia kutafuta namna gani? Iko faili elfu na elfu. Majina ni yake. Wewe ndiye unajua kichwa yake. Mimi nafundisha wewe, wewe naingia."

Nilimwambia mimi ni mwalimu mstaafu, magoti yananiuma, macho yanataka miwani, na samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi ni samaki mkavu. Akacheka akasema samaki mkavu naye analowekwa.

Hakunipa ile mgonjwa nijifunzie. Alinikalisha mbele ya kompyuta yake nzima, akafungua dirisha jeusi kama lile. Alisema mtu hajifunzi kushona kwa vazi la gomesi la harusi. Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo naliona ni la busara: katika weusi huu jambo la kwanza si kutaka kitu, ni kujua uko wapi. Unaandika herufi tatu, pwd, unagonga kitufe kikubwa, nayo inakujibu umesimama chumba gani. Ukiandika ls inakuorodheshea vilivyomo chumbani. Ukiandika cd na jina la folda, unaingia. Ukiandika cd na nukta mbili zilizofuatana, unatoka unarudi kwa folda iliyokuzaa, na kweli ile ya juu wenyewe wanaiita mzazi.

"Mbona hainiambii karibu?" niliuliza. Nilikuwa nimeingia folda, na mashine imenyamaza kimya.

"Hii haiko na maneno mingi, Mwalimu. Ikinyamaza, ujue imekubali. Inasema tu kama umekosea."

"Ah. Kama mkaguzi wa shule," nikasema.

Siku ya pili tulitengeneza folda. Hiyo amri inaitwa mkdir, na hapo ndipo nilipomchekesha mpaka wateja wa simu wakachungulia. Kwetu, kwa Wakakwa na kwa Walugbara pia, mtoto haitwi jina kwa kuwa linapendeza. Anaitwa kwa yaliyompata mama yake, au anarithi jina la marehemu. Kuna watu wazima huku wanaitwa Msiba, wanaitwa Sina Ndugu, wanaitwa Majirani Wanasema, na wanaitika vizuri tu. Langu mimi ni malalamiko ya mama yangu dhidi ya shangazi yangu, silitaji hapa. Basi nilipoambiwa nitengeneze folda na kuipa jina, nikaipa la siku ile. Asubuhi wifi yangu alikuwa amenisema kwamba nazurura Koboko, kwa hiyo niliandika: mkdir Wifi Anasema. Nikagonga. Ikanyamaza. Nikaandika ls nione mtoto wangu, nikakuta wawili. Mmoja Wifi, mwingine Anasema.

"Ai! Imezaa mapacha!"

Mwalimu wangu alifuta machozi ya kicheko. Akaeleza kwamba mashine ikiona nafasi kati ya maneno inadhani ni majina mawili, kwa hiyo watu huunganisha kwa kistari. Nikatengeneza nyingine, yenye kistari, halafu nyingine. Kufikia mchana nilikuwa na Magoti-Yananiuma, na Diski-Usife-Kwanza, na moja ambayo sikuionyesha, iliyosema Mzee-Amenichoka. Aliiona. Aliniongezea sukari tu kwenye uji.

Mwishoni alinifundisha amri mbili, akataka niziseme kwa mdomo kabla ya kuziandika, kama mtoto wa darasa langu. Ya kwanza cp, kunakili: ya zamani inabaki ilipo, na mpya inazaliwa kwingine. Ya pili mv. Hiyo inahamisha, na pia ndiyo hiyo hiyo inayobadilisha jina.

"Kuhama na kubadilishwa jina ni kitu kimoja?" nikauliza. "Kama bibi harusi wa kanisani?"

"Huyo huyo."

Tukacheka wote wawili. Nilimpenda yule mwanamke. Nilirudi Arua siku hiyo nikimwambia mume wangu jikoni mambo ya ls na cd, naye alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akichambua maharagwe, na alipoinua macho sikuelewa kilichokuwa machoni mwake. Niliona kama huruma. Nikakasirika upya, nani anahitaji huruma?

Siku ya tatu tuliiwasha ile mgonjwa.

Niliingia. Nikaandika pwd nijue niko wapi, nikaandika ls. Mume wangu, ambaye soksi zake hazijawahi kukaa jozi, alikuwa amepanga matangazo yake yote ya sauti kwa mahali. Kulikuwa na folda ya Aroi, ya Dadamu, ya Koboko, folda moja moja ya kila mahali alikowahi kupeleka habari mbaya. Niliingia Aroi. Orodha ilishuka kama watu wanaotoka misa. Kila faili jina la mtu. Niliwajua wengi, nilibeba maji kwenye misiba yao. Nikatoka kwa nukta mbili, nikaingia Koboko, na katikati ya orodha nikamkuta mama yangu.

Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ndiye aliyetangaza kifo chake. Siku ile nililala chini jikoni na redio juu ya meza, nikisikia mume wangu anausema ukoo wangu wote bila kukosea, yeye asiyejua Kikakwa. Alikuwa amekifanyia mazoezi njia nzima kwenda kazini.

"Tuchukue hii?" mwalimu aliuliza taratibu.

Ubavu wa mashine ulikuwa unakwaruza. Niliitaka mno ile faili. Nikasema hapana, kwanza cha mtoto, mama atanisamehe. Nikatoka folda ile nikiwa nalia waziwazi na wala sikujifuta.

Maneno ya mtoto niliyapata mwisho, ndani ya folda iitwayo Bado. Nilipoandika ls zikatokea faili kumi na moja: binti1, binti2, hivyo hivyo mpaka binti11. Nilipiga vigelegele mle chumbani. Mtu mmoja aliyekuja kuchaji simu akauliza nani ameolewa.

Mwalimu alifurahi, akanishika bega. Akasema sasa tunanakili zote kumi na moja kwenye flashi yake, ila ipo nyumbani, anaenda kuichukua, ni hapo nyuma ya soko. "Usiguse kitu mpaka narudi."

Kuniambia mimi nisiguse kitu ni kama kumwambia mbuzi asiguse mihogo iliyoanikwa. Nilikaa nikitazama yale majina. Binti1, binti2. Majina gani haya? Hata ndama wana majina. Mtoto wangu ana jina, jina la bibi yake mzaa baba, na kwenye ukoo wetu wako wasichana wanne wenye jina hilo hilo moja, maana marehemu alipendwa. Tunawaita mkubwa, wa kati, mdogo na huyu wetu wa mwisho, na hakuna aliyewahi kupotea. Kwetu jina likipewa wa pili, wa kwanza hapungui. Anaongezeka. Ndiyo maana tunawapa.

Nikasema nitawavisha jina zuri kabla ya safari. Niliandika mv, binti1, halafu jina la mwanangu. Nikagonga. Ikanyamaza, maana yake imekubali. Nikaandika mv, binti2, jina lile lile la mwanangu. Ikanyamaza. Nilijisikia fundi kweli. Nikaenda hivyo mpaka ya kumi na moja, vidole vyangu vya chaki vikikimbia, nami nikilitamka jina kila nikigonga kama mtu anayebariki.

Kisha nikaandika ls niwaone wote kumi na moja.

Alikuwepo mmoja.

Nikaandika tena. Mmoja. Nikafikiri nimetoka folda, nikauliza pwd, ikasema niko Bado. Mwalimu aliponikuta nilikuwa nimesimama, nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Alitazama maandishi yangu kutoka juu mpaka chini, na niliona uso wake ukibadilika. Akaeleza kwa upole, nami nilitamani angenipigia kelele. Ndani ya folda moja jina moja ni la faili moja tu. Nilipoipa ya pili jina la ya kwanza, ya kwanza ikafutika ili kumpisha mwenzake. Kisha ya tatu ikaifuta ya pili. Nilizizika kumi kwa mkono wangu, nikibariki.

"Kwa nini haikuniuliza?" nilifoka. "Hata mlevi akitaka kupita anasema nipishe! Mimi naua watu kumi, yenyewe imenyamaza!"

"Iko namna ya kuifanya iulize. Unaongeza kistari na i. Mimi sikufundisha wewe hiyo. Ni kosa yangu."

"Si kosa lako! Ulisema nisiguse!" Halafu nikakaa chini sakafuni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikalia. Nilimwambia kwamba nimeua sauti ya mume wangu. Nilimwambia kwamba mtoto wangu atasimama pale na baba yake atakuwa kimya, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Aliketi sakafuni pembeni yangu. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, tena kuzitafuta zile kumi kwenye diski hii kutaiua kabla hatujachukua hata hii moja. Akasema siku alipokimbia kwao alibeba sufuria, mtoto mgongoni, na kalamu sikioni. Picha za harusi yake na za wazazi wake zilibaki kwenye kompyuta ya ofisi. "Mimi naomba Mungu siku zote, anipe moja tu. Wewe iko na moja. Simama, tuchukue."

Niliandika cp kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi. Mashine ilikwaruza muda mrefu. Kisha ikanyamaza, na mwalimu akahakikisha kwenye flashi kwamba imefika, akaiongezea jina lake mkia unaotakiwa na redio ili itambue kwamba ni sauti. Tulipojaribu kurudi kwa mama yangu diski ilipiga kelele moja na haikusoma tena kitu chochote hadi leo. Mwalimu alinifumbatisha flashi kiganjani. Hakutaka kuisikiliza. Alisema nikasikilize na mwenye sauti.

Nilifika nyumbani kwetu Dadamu, nje kidogo ya Arua, alasiri. Mume wangu alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Nikangoja anikasirikie. Alitazama chini, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akachukua daftari akaandika ukurasa mzima, akanipa.

*Hizo kumi haikuwa na kitu. Nilikuwa naanza, nasema binti yangu, halafu nashindwa. Nalia. Naanza tena. Siku zote hivyo mpaka safari. Niliona aibu kukuambia. Ndiyo nilisema sikumbuki. Unisamehe, mama.*

Nilikaa kwenye gogo. Yeye, aliyewasomea watu wa mji mzima vifo vyao bila sauti kutetemeka, alishindwa na maneno mawili kwa mwanawe. Na mimi nilikuwa nimemwita gogo.

"Na ya kumi na moja?"

Akaandika: *Hiyo ulinikatiza wewe.*

Tukachomeka flashi kwenye redio. Kwanza kikohozi, na kwa kile kikohozi peke yake nilishika kifua. Halafu ile sauti, nzito, ya taratibu, imejaa uani mwetu kama mtu aliyerudi kutoka safari. "Binti yangu. Leo watu iko hapa, na mimi baba yako..." Kimya. "Binti yangu." Kimya. Na kutoka mbali, kwa ukali wa filimbi ya polisi, sauti ya mwanamke: "Wewe mzee! Chai inapoa! Unaongea na nani huko, umeoa kompyuta?"

Ni mimi. Mungu wangu, ndivyo ninavyosikika. "Nakuja," alijibu yeye kwenye redio. Na mimi tena: "Nakuja, nakuja! Tangu lini? Chai haina miguu ikufuate!" Nikairukia redio nikaizima. Kumbe alikuwa anajaribu kuaga sauti yake, na mimi nampigia kelele za chai. Nikachomoa flashi nikaitupa kabatini na kusema hiyo haitachezwa mbele ya wakwe, labda niwe nimekufa. Yeye akanyoosha mkono kama anataka kuniambia jambo, akaangalia daftari, akaacha.

Siku ilifika. Wakwe walikuja kutoka Koboko, wakala, wakabishana, wazee wakatosheka. Kisha msemaji wao akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotukutanisha, kwamba sasa wanaomba kumsikia baba. Nilimwona shemeji yangu anajiandaa kusimama amsemee kaka yake. Kabla hajanyanyuka, binti yangu, ndani ya gomesi lake, alimwendea mtu wa muziki akampa kitu mkononi. Nilikitambua. Nani aliyemwonyesha kabati? Nilimgeukia mume wangu, naye alikuwa anatazama mbele, mtakatifu kama mlango wa kanisa.

Alisimama. Binti akaja akapiga magoti mbele yake, naye akamwekea mkono kichwani. Na ile sauti ikatoka kwenye spika kubwa, watu wakanyamaza wote, wengine walioijua wakafunika mdomo. Binti yangu. Binti yangu. Kisha nikaja mimi na chai yangu, sauti yangu ikafika mpaka barabarani, na wakwe walicheka hadi mzee mmoja akashikwa asianguke kitini. Nilitamani ardhi inimeze.

Lakini hakuna aliyezima. Kicheko kilipopungua, spika ziliendelea na sehemu ambayo sikuwahi kuisikia, kwa kuwa niliikata mwenyewe kwa hasira zangu. Kiti kilikwaruza. Akasema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia nyumbani tu:

"Umesikia mama yako? Miaka yote ananiita hivyo. Watu nafikiri mimi nachelewa juu ya uvivu. Hapana. Mimi nasikia mara ya kwanza. Nakaa kidogo, ili aniite tena. Binti yangu, huko unaenda, kama iko mutu ya kukuita mara ya pili, wewe kaa. Kama hakuna, rudi nyumbani. Hapa sisi tutakuita."

Na kwa mbali, mimi tena: "Wewe mzee!"

"Haya," ikasema sauti. "Umeona?" Na ikaisha.

Shemeji aliniuliza kama niko sawa, nikashindwa hata kumfokea. Binti yangu alikuwa amekumbatia miguu ya baba yake, bwana harusi naye amepiga magoti pembeni bila kuambiwa, na mume wangu alikuwa akinitazama juu ya vichwa vyao, kitambaa cheupe kikipanda na kushuka shingoni.

Walipoondoka naye kwenda Koboko, uani palibaki viti na mimi. Nilipakua chakula kilichobaki, nikaweka sahani mbili. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake.

"Wewe mzee!" nikaita. "Chakula!"

Hakuja. Niliona kivuli chake pale ukutani, kimetulia, kinasikiliza.

Nikaita tena.